Sale la Nyumba ya Watoto

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya migomba Vaileth alipomshika mkono binti yake, Lydia, wakatoka kutafuta sale. Mbuzi wao alikuwa amemaliza miche ya kahawa ya mzee Gadiel, na huku Meru haendi mtu kuomba radhi mikono mitupu. Unapeleka jani la sale, ule mmea wa mipakani. Uliyemkosea akiliona, hata awe amefura vipi, atakusamehe.

"Si mbuzi ndiye aliyekula?" Lydia alisema. "Aende mwenyewe."

"Atalila na sale njiani."

Lydia akacheka. Alikuwa na miaka saba, na kicheko chake kilivuka mpaka ng'ambo ya mfereji.

Masale ya karibu yalikuwa kwenye uzio wa nyumba ya watoto. Zamani walilazwa humo watoto wenye maradhi ya akili, ambao majirani walisema wamerogwa. Ilishafungwa. Zimebaki nondo za madirisha na popo. Lakini uzio ulikuwa mbichi, kana kwamba kuna anayeumwagilia.

Vaileth aliuachia mkono wa Lydia. Kidogo tu. Akakata kilele cha sale moja.

Ndani ya nyumba, kitanda cha chuma kililia.

Harufu ya sabuni ya dawa ikapita... Mkono mdogo ukaingia kiganjani mwake. Wa baridi.

"Twende, Mama."

Baridi ya mlima, alijiambia. Njia nzima mtoto hakucheka.

Kwenye mfereji walikutana na bibi Pudensiana, aliyekuwa yaya wa nyumba ile miaka mingi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hilo sale umelitoa wapi?"

"Pale juu, kwenye uzio."

Bibi alitua mzigo wake wa majani ya ng'ombe. Sauti yake ikashuka.

"Kila mzazi aliyeleta mtoto alipanda sale lake pale. Kiapo kwamba atarudi. Kisha alimwambia mtoto, nakwenda kununua mkate, nakuja. Aliyerudi alikata sale lake mtoto akiona, wakaenda zao nyumbani. Wengi hawakurudi, mwanangu. Watoto walikaa madirishani kila jioni, wakiangalia nani anakata."

"Sikujua, bibi. Nilirudishe?"

"Limeshaonekana." Akamtazama mtoto, kisha akainamisha macho. "Mpe chakula. Amengoja sana."

Nyumbani Vaileth aliwasha taa. Gauni ni la Lydia. Kovu la nyusi ni la Lydia. Mtoto alikaa kigodani, akijiyumbisha mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Mama," alinong'ona, "mkate uko wapi?"

Na kule juu, ng'ambo ya mfereji, mtu alicheka. Kicheko kile kile. Kikakatika.

Vaileth alikimbia na kile kilele mkononi. Uzio ulimsubiri, mrefu, masale yamebanana. Kila moja lilikuwa na mtoto wake. La Lydia halikuwepo. Hakuna aliyewahi kumpandia. Angekata lipi?

Ili amtoe, ilipasa sale lake liwe pale. Na kupanda sale pale ni kumwacha.

Alipiga magoti. Akachimba kwa vidole, akasimika kilele, akakishindilia udongo. Lazima kishike kwanza. Lazima kiote, ndipo aje kukikata.

"Lydia," alisema. "Mama atarudi."

Nyuma ya nondo sauti ndogo, ambayo haikuwa tena na kicheko, ikauliza:

"Unakwenda kununua mkate?"