Sanamu Lisiloruhusiwa Kufa

Plastiki haina joto wala mate. Hata hivyo, asubuhi ile barakoa ya oksijeni usoni mwa sanamu la mafunzo ilikuwa na ukungu kwa ndani. Sista aliyekuwa akipanga vifaa aliufuta kwa pamba, akageuka kuchukua glavu, akarudi na kukuta ukungu umerejea. Akanyamaza. Katika hospitali ile, kunyamaza ndiko kulikompandisha mtu cheo.

Ukumbi wa mafunzo na wodi ya mahututi vilitenganishwa na ukuta mmoja. Upande wa wodi watu walikata roho. Upande wa ukumbi madaktari na wauguzi walifundishwa namna ya kumwokoa mtu ambaye mapafu yake yameshindwa kazi. Pande hizo zilijuana kama majirani wa ghorofa, kwa kusikilizana vishindo tu. Mkufunzi mkuu alijiita Bingwa, na kwa kuwa hakuna aliyembishia, jina likamganda. Kabla ya kila sentensi alisafisha koo, ehm-ehm, kama gari bovu linalosukumwa mlimani, na gari lenyewe likishawaka, lilikuwa halina pa kwenda.

Sheria yake ilikuwa moja: "Kwangu sanamu halifi. Sanamu likifa, wageni wananyong'onyea."

Basi kila zoezi liliisha vilevile. Wanafunzi walilizunguka sanamu, wakakamua mfuko wa hewa kama wanaokamua chungwa, wakapeleka bomba tumboni badala ya mapafuni, wakasahau hata kufungua oksijeni, huku wote wakipaza sauti: "Rudi! Rudi kwetu!" Kisha Bingwa aliinua mkono. "Mgonjwa ameokoka!" Makofi. Picha. Chai. Hebu niambieni, nani atajifunza kuogopa kosa lisiloua? Na watu wazima wenye shahada zao wanaposimama kila siku mbele ya kiwiliwili kitupu wakikipulizia hewa na kukisihi kiwe hai, walitarajia nani aitikie?

Daktari mdogo kuliko wote kwenye kozi, waliyemwita Kidaktari, hakuwa na hamu ya makofi. Nyuma ya ukuta ule alilazwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki. Nimonia ilikuwa imekamata mapafu yote mawili, na mama alikuwa anachoka kuvuta hewa. Mashine za kupumulia za wodi zote zilikuwa na watu. Iliyobaki ilikuwa ukumbini, inajaza hewa mapafu ya mpira, kwa sababu kesho yake mgeni rasmi angekuja.

"Shikamoo, Bingwa. Naomba ile mashine."

"Marahaba. Ehm-ehm. Mashine ya mafunzo ni ya mafunzo."

"Mama anachoka. Akichoka kabisa hatavuta tena."

"Mgeni rasmi akishaondoka mtaichukua."

"Akishaondoka mgeni, mama naye atakuwa ameondoka."

"Kidaktari, mambo ya ukoo yaache nyumbani."

Kiranja wa kozi, daktari wa makamo mwenye vyeti vingi kuliko wagonjwa aliowahi kuwagusa, alicheka kwa sauti ili Bingwa amsikie.

Kidaktari alirudi kitandani kwa mama. Mara ukuta ukaleta sauti: "Rudi! Rudi kwetu!" Hapohapo kipimo cha oksijeni kwenye kidole cha mama kikaanza kushuka. Makofi yalipolia, kikashuka zaidi.

"Mwanangu," mama alinong'ona chini ya barakoa, "kuna mtu ananinyonya."

"Ni homa, mama."

"Homa haina mdomo. Wakiita kule, pumzi yangu inaitika."

Walipoita tena, Kidaktari hakuhitaji kuambiwa. Aliona kifua cha mama kikibonyea kama mfuko unaofyonzwa, akasikia harufu ikipita juu ya kitanda kuelekea ukutani, harufu ya mpira uliolowa na ya kinywa kilichofungwa siku nyingi bila chakula.

Alikwenda ukumbini. Wenzake walikuwa kwenye chai, vicheko vyao vikisikika kutoka barazani. Sista alisimama peke yake, mgongo ukiwa umegandamana na mlango wa kabati.

"Sista, umeizima mashine?"

"Nimeizima. Na waya nimeuchomoa."

"Mbona kifua kinapanda?"

"Tangu asubuhi, dada. Niseme nini mimi? Waniite mshirikina?"

Kidaktari akasogea, na kila hatua hewa ya chumba ilizidi kuwa nzito na ya baridi, ukungu ukija na kupotea ndani ya ile barakoa, ukija na kupotea, na kutoka kwenye koo la mpira ambalo watu wenyewe walilinunua katika boksi likiwa limefungwa nailoni kukawa na mlio wa makohozi yanayokwaruza, hata akainama kutazama na kuona kwamba yale macho yaliyochorwa kwa rangi, ambayo siku zote yalitazama dari, sasa yalikuwa yanautazama ukuta wa wodi, mahali palepale ambapo kwa upande wa pili kilikuwa kichwa cha mama.

"Mmeniita," sauti ikatoka ndani ya bomba. "Nyumba tupu, mlango wazi, na 'karibu, karibu' kila siku. Leo mnashangaa mgeni?"

"Pumzi hiyo si yako."

"Walioniita hawakuuliza itatoka kwa nani."

"Toka."

"Anitoe nani? Humu hakuna aliyefundishwa kukubali kwamba mtu amekufa."

Kidaktari alikuwa amesikia alichokihitaji. Akaweka vidole shingoni mwa sanamu kama afanyavyo daktari kweli. Akamulika macho. Akasikiliza kifua, akijilazimisha asikimbie mvumo uliokuwa ndani.

"Mgonjwa huyu amefariki," alisema. "Sista, sema na wewe."

"Nasema nini mimi..."

"Sema!"

"Amefariki."

Wakalifunika shuka mpaka kichwani. Chini ya shuka ikatoka pumzi ndefu, ndefu mno, iliyopeperusha karatasi za ukutani, kisha ikazimika. Kutoka wodini muuguzi akapiga ukelele: "Imepanda! Oksijeni ya mama imepanda!"

Kidaktari alikuwa tayari anaisukuma mashine kwenye magurudumu yake. Akakutana na Bingwa mlangoni, kikombe mkononi.

"Nani kafunika sanamu langu?"

"Limekufa."

Kiranja akacheka. Bingwa hakucheka. "Na hiyo mashine unaipeleka wapi?"

"Kwa mwenye mapafu. Nishtaki. Ila nakuomba kwa heshima zote, usiliite tena."

"Ehm-ehm. Unanifundisha mimi?"

Kesho yake mama alikuwa amelala kwenye mashine, kifua kikipanda na kushuka kwa utulivu. Ukutani ikaja sauti: "Rudi! Rudi kwetu!" Kidaktari akakamata mkono wa mama, akakikodolea macho kipimo. Hakikutikisika. Hewa iliyosukumwa na mashine haikungoja kuitwa na mtu. Akashusha pumzi, kisha wazo likamchoma. Ikiwa sanamu halichukui kwa mama, linachukua kwa nani?

Akakimbia.

Ukumbini mgeni rasmi alikuwa ameketi mbele. Bingwa, aliyekosa mashine ya kujionyesha nayo, alikuwa ametangaza kwamba bingwa hashindwi na kifaa, akainama na kulipulizia sanamu kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuinuka. Midomo yake ilikuwa imenaswa kwenye ile ya mpira, magoti yanalegea, kucha zinageuka rangi ya wino, na wapiga picha wakamwomba asogeze bega kidogo. Kifua cha sanamu kilipanda kwa nguvu.

"Mgonjwa ameokoka!" Kiranja alipaza sauti.

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Kidaktari alimvuta Bingwa kwa ukosi mpaka akaanguka chali sakafuni. Hakupumua. Akamfunika barakoa, akaanza kukamua mfuko. "Acheni makofi! Nifungulieni oksijeni!"

Watu wa kozi nzima walitazamana. Kiranja akalifikia koki la mtungi, akalizungusha kwa bidii zote, akalifunga.

"Kushoto, wewe! Kushoto!"

Alikamua. Kifua cha Bingwa kilipanda. Alipoachia, kikabaki chini, hakikujaribu hata kidogo. Akakamua tena, jasho likimtiririka. Makofi yakapungua moja baada ya jingine, mgeni rasmi akiwa bado anatabasamu, mpaka ukumbi ukawa kimya kabisa.

Na katika kimya kile, juu ya meza nyuma ya mgongo wake, koo la mpira likajisafisha.

"Ehm-ehm," lilisema. "Endeleeni."