Tiketi ya Shemeji Okwach

Kila ndege ilipopita juu ya mtaa wetu wa Buzuruga, mama alisimama. Alisikiliza mpaka mngurumo uishe, ndipo akaketi. Haukupita muda, akafungua mfuko wake, akapapasa kanga na sabuni, akaufunga tena.

"Akumu, leo siku gani?"

"Jumapili, mama. Umeniuliza sasa hivi."

"Na madaktari wanamaliza Alhamisi?"

"Alhamisi."

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliona ukungu tu. Madaktari wa kupasua macho walikuwa wamefika Dar es Salaam kwa muda mfupi. Mvua ilikuwa imesomba reli, na mabasi yalikwama njiani. Ilibaki ndege, nayo hatukuwa na uwezo wa kuipanda.

Ndipo shemeji Okwach, mume wa dada yangu, akaleta tiketi. Shemeji anafanya biashara ya samaki na husafiri kwa ndege mara nyingi. Siku hizi makampuni ya ndege yameongezeka, yanagombania abiria. Kampuni anayosafiri nayo humzawadia msafiri wa mara kwa mara safari moja ya bure, kwenda na kurudi. Safari hiyo akamtolea mama.

Lakini kwetu mtu haingii kwa mama mkwe wake hivi hivi, wala hawatazamani usoni. Shemeji alisimama nje ya ua, akaniita kwa sauti yake nzito, akanipa tiketi, akaondoka upesi. Mama alijificha ndani. Hakuna aliyeuliza wala kueleza kitu.

Jioni akaja jirani yetu Hellen. Yeye anafanya kazi uwanja wa ndege.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keshokutwa naruka, mwanangu!"

Hellen akaisoma tiketi. Akairudia.

"Mbona hapa pana jina la Okwach?"

"Si ni yake?" nikasema. "Kwenye kivuko cha Kamanga, mwenye tiketi ndiye anayepanda."

"Kivuko hakimuulizi mtu jina, Akumu. Ndege inauliza. Jina la tiketi lazima liwe la anayesafiri. Yasipolingana, anabaki."

"Basi wakiuliza, mama aseme yeye ni Okwach."

"Okwach mwenye kitenge?" Hellen akacheka.

Mama hakucheka. "Nijiite jina la mkwe wangu? Mbele za watu? Heri nibaki kipofu!" Akautupa mfuko pembeni.

"Usiutupe, mama," Hellen akasema. "Safari ya zawadi kwenye kampuni ile anaweza kupewa ndugu. Ila haipitishwi mkono kwa mkono. Kesho asubuhi Okwach aende ofisini kwao, na wewe uwepo. Watakuandikia tiketi yenye jina lako. Hapo hapo mthibitishe nafasi, isije ikapewa mtu mwingine. Na uwaambie huoni vizuri, wahudumu watakushika mkono."

"Mimi na yeye? Pamoja?"

"Kwenye kaunta moja."

Mama akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Hiyo kaunta ni ndefu?"

"Inatosha, mama."

Jumatatu tukaenda. Mama alisimama mwisho wa kaunta, ameelekea ukutani. Shemeji alisimama mwisho mwingine, ameelekea mlangoni. Nilikuwa katikati nikipeleka maneno.

"Hawa wamegombana?" karani akaniuliza.

"Hapana. Wanaheshimiana."

Karani akaandika tiketi mpya. Nikalisoma jina kwa sauti, herufi kwa herufi: Teodora Odoyo. Mama akashusha pumzi.

Jumanne tuliwahi uwanjani mapema. Mhudumu akamshika mama mkono, wakaenda. Siku ile ni mimi niliyekuwa nasimama na kuketi, mpaka ndugu yetu Venant, aliyeko Dar es Salaam, alipopiga simu kwa akina Hellen kwamba mama amefika.

Wiki iliyofuata tulikwenda kumpokea. Alishuka ngazi za ndege mwenyewe, bila kushikwa, jicho moja limeshapona, la pili bado limefungwa kitambaa. Shemeji alisimama mbali, kwenye uzio. Mama aligeuza uso kwa heshima, lakini nilimwona akichungulia pembeni kwa lile jicho zima.

"Akumu, yule ndiye mkwe wangu?"

"Ndiye, mama."

"Maskini! Kwa sauti ile, miaka yote nilidhani ni mrefu."