Pete ya Behewa

Kila Jumamosi, akishamaliza kuteka maji, Sabra alikwenda kusaidia kwenye makumbusho ya reli pale Mloka. Wastaafu wa reli waliyaanzisha wenyewe. Walikusanya taa za ishara, kofia za stesheni masta na behewa moja kuukuu la mizigo, na hakuna aliyelipwa hata senti.

Funguo alizishika mmoja wao, Mzee Dadi, na sheria yake ilikuwa moja. Ukutani, kwenye msumari, palining'inia pete kubwa ya chuma.

"Zamani njia yetu ilikuwa moja tu," aliwaambia watoto. "Dereva asiyekabidhiwa pete haondoki stesheni, treni zisije zikagongana. Na hapa, anayeingia behewani aichukue. Nikiikuta msumarini najua hamna mtu, nafunga."

Jumamosi moja zamu ya kufagia ilikuwa ya Sabra. Vumbi lilijaa, jua nalo halikuwa na huruma. Akaona ajifiche behewani apumzike kidogo. Pete hakuigusa, maana angeichukua, Mzee Dadi angejua alipo. Akajinyoosha juu ya magunia, usingizi ukamchukua.

Aliamshwa na kishindo. Kra! Komeo likaingia.

"Babu! Babu Dadi, nimo ndani!"

Babu keshapanda baiskeli, kaenda kuswali adhuhuri.

Giza tupu. Bati liliwaka kama chungu jikoni. Alipiga ukuta mpaka viganja vikavimba. Ili asilie, akajitegea kitendawili: nyumba yangu haina mlango. Jibu lake yai, kila mtoto anajua. Leo yai lilikuwa yeye. Akalia.

Saa tisa mlango ulifunguliwa. Mzee Dadi alikuja na Biasha, mama yake Sabra, aliyekuwa akimtafuta kijiji kizima.

"Mzee wangu, utaniulia mtoto!" Biasha alifoka. "Sabra, pete uliichukua?"

"Niliichukua, mama. Niliitundika hapo mlangoni," Sabra alidanganya.

Mzee Dadi akaitazama pete msumarini, akainamisha kichwa. "Basi niliirudisha mwenyewe nikasahau. Uzee huu!"

"Kama ni hivyo, wape wenzako hizo funguo!"

"Kweli, mwanangu. Siku nyingine atanifia humo mtoto wa mtu." Akaanza kuifungua kamba ya funguo shingoni.

Sabra akahisi joto lile lile, pumzi hazitoshi. Ni kama komeo limeingia tena, na safari hii alilisukuma mwenyewe.

"Babu, usiifungue! Nimesema uongo. Pete sikuigusa. Nilikuwa nakwepa kufagia."

"Ala!" Biasha akashika mdomo. "Na mimi nimemtolea mzee wa watu maneno! Niwie radhi, baba."

Mzee Dadi akakaza fundo la kamba, akamvuta Sabra karibu.

"Pole, mjukuu wangu. Lakini sikiliza. Ile pete kazi yake ni kusema kweli upo wapi. Ukificha ulipo, hata anayekupenda atakufungia mlango, tena kwa moyo mweupe kabisa."