Mrija Uliobaki Mmoja

Meja wa jeshi alikufa saa mbili asubuhi juu ya meza ya eksirei hospitalini, tumbo limevimba kwa damu iliyovuja ndani kwa ndani. Nje hakuwa na jeraha hata moja. Inspekta Erinayo alimfunika shuka, akavuta kiti, akakaa. Mwaka 1976 ulikuwa umemchosha kabla haujafika katikati.

Uani, askari walikuwa wamemfunga Dakta Anselme kamba na kumtupa nyuma ya Landrova. Mkubwa wao alichungulia dirishani.

"Inspekta, saa sita. Kama hapana pata mwizi, daktari nakwenda na sisi."

Waliokwenda na hao hawakurudi. Kampala nzima ilijua.

Erinayo alijikokota hadi kwenye Landrova. "Kimeibwa nini, Dakta?"

"Mrija." Daktari alikuwa Mzaire aliyesomea Ubelgiji. Alizungumza polepole, maana mdomo ulikuwa umepasuliwa. "Mwembamba sana. Nauingiza kwenye ateri ya pajani, naufuatilia kwa eksirei mpaka kwenye mshipa unaovuja tumboni. Halafu naziba mshipa kwa vipande vya sponji. Sipasui tumbo."

"Kwa nini hukumpasua?"

"Kwa dawa gani ya usingizi? Imekwisha wiki mbili sasa. Na mrija ulibaki huo mmoja, nao umeanza kuchanika. Ungefaa mara moja tu."

"Nani mwingine anaweza kuutumia?"

"Hapa? Mimi peke yangu. Wodini kuna mama, Nabintu, muuza vitenge wa soko la Owino. Anavuja vilevile. Nikichukuliwa, ndiyo basi tena."

Loo! Kumbe saa sita ilikuwa ya watu wawili.

Stoo haikuvunjwa. Kufuli zima, msumari wa kutundikia mrija ulikuwa mtupu. Lakini Erinayo aliona kingine: beseni lenye kifuniko halikuwepo, wala chupa ya dawa ya kuulia vijidudu. Sasa huyu ni mwizi wa namna gani, anayeiba na vyombo vya kuoshea? Wa kuuza angeutia mfukoni. Wa kumwua Meja angeukata vipande akautupa mtaroni. Huyu aliutaka mrija uwe safi, tayari kwa kazi, leo hii.

Akamwita fundi wa eksirei, Tajudin, mtu mzima mwenye kofia nyeupe.

"Mzee Tajudin, funguo za stoo anashika nani?"

"Mimi na Dakta."

"Hebu lete mikono."

Vidole vilinuka dawa.

"Leo hajatibiwa mtu. Umeosha nini?"

Tajudin akaificha mikono nyuma.

"Beseni liko wapi, Mzee?"

"Nyuma ya mashine. Kwenye sanduku la filamu."

Lilikuwepo. Mrija ulikuwa umelala ndani ya dawa, umekunjwa kwa uangalifu, hauna hata tone la uchafu.

"Meja alikufanya nini? Alikuchukulia ndugu?"

"Sikumjua."

"Na Nabintu ni nani kwako?"

"Si ndugu, si jirani. Jina lake nimelisoma kwenye karatasi."

"Mzee, daktari amefungwa kwa ajili yako!"

Tajudin akaanza kulia. "Nilidhani mrija ukikosekana, jeshi litampeleka Meja nje kwa ndege. Wakubwa si hupelekwa? Wallahi sikudhani atafia mezani. Sikudhani watamkamata Dakta. Nimeuficha mrija, nikampoteza mwenye kuujua."

Erinayo alimkasirikia, akamhurumia, vyote kwa pamoja. Alitamani kurudi nyumbani alale mwezi mzima.

"Nikiandika jina lako, unajua watakachokufanya."

"Najua. Andika upesi, mwanangu. Yule mama anavuja."

Erinayo akaandika maelezo. Tajudin akatia sahihi bila kusoma, akairudisha kalamu haraka.

"Bado sababu. Wataniuliza ni kwa nini."

"Nabintu aliletwa juzi," Tajudin alisema, akijifuta uso kwa kofia. "Tukamwandika wa kwanza. Meja ameletwa leo alfajiri, askari wakasema mama asubiri. Zamu ilikuwa yake, Inspekta. Basi. Hakuna kingine."

Erinayo aliandika hivyohivyo, neno kwa neno. Kisha akamshika mzee mkono, wakatoka pamoja kuelekea Landrova, kubadilisha mtu kwa mtu: mzee apande, Dakta ashuke.