Huzuni ya Kuazima

Kila Jumanne, akishamaliza supu yake ya bitiruti, Jagoda Wilczek alivaa glavu na kuelekea shule ya muziki ya mji wa Lublin, ambako masomo yalianza saa ambayo watoto wengine walianza kucheza. Ijumaa ya wiki ile angepiga piano mbele ya jopo la walimu, nao wangeamua kama ataingia kwenye tamasha la majira ya kuchipua au atakaa na wasikilizaji. Alilitaka tamasha hilo kuliko kitu chochote.

Kipande chake kilikuwa mazurka, dansi ya mashambani ambayo mtunzi mmoja wa karne ya kumi na tisa aliiandika upya kwa ajili ya sebule za watu wenye viatu safi. Jumanne ya wiki hiyo Jagoda aliipiga darasani macho yakiwa yamefumbwa. Kabla ya nota ya juu kabisa alisita, akainua kidevu, kisha akaigusa taratibu.

Mwalimu Kordula, ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akisisimkwa, alingoja mlio ufifie.

"Pale juu umesita. Kwa nini?"

"Nilihisi huzuni, Mwalimu."

"Huzuni yako?"

"Ndiyo, yangu."

Nela, rafiki yake aliyekuwa akingoja zamu, alicheka puani. "Huzuni gani, wewe? Jana umenimalizia keki!"

"Nyamaza, mmbea!"

"Alikuwako mpiga piano mmoja, sasa ni marehemu, aliyesita pale pale katika rekodi ya zamani," Mwalimu aliendelea. "Nilikaa kando yake nikimfungulia kurasa za nota. Ukumbi ulikuwa wa baridi, na kibonye cha nota ile kilikuwa kimekwama. Alisita ili akibandue kwa ukucha."

Masikio ya Jagoda yaliwaka moto. "Rekodi hiyo ninayo kwenye simu," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeiga yote, mpaka hapo."

"Kuiga si kosa. Kosa ni kuniambia kwamba ni yako. Sasa nimsahihishe nani? Yule hayupo."

Nje, Nela alimvuta mkono. "Ijumaa ipige vilevile. Jopo watajuaje?"

"Mwalimu ameshajua," alijibu Jagoda, akaifuta rekodi.

Bila rekodi, mazurka ilikuwa mbaya kupindukia. Mkono wa kushoto ulijikokota kama buti lililojaa maji. Alirudi kwa Mwalimu kesho yake na keshokutwa yake, akaambiwa kwamba mkono huo ni mzito, kila mara kwa maneno machache zaidi. Hakukata tamaa. Alimwomba Nela aicheze dansi hiyo bila viatu, kwa soksi, huku yeye akipiga. Kila Nela alipojikwaa, Jagoda alijua kwamba mwenyewe ameharakisha, akaanza tena.

"Utanivunja miguu!" Nela alilalamika.

"Unayo miwili. Tuendelee."

Ijumaa alipiga macho wazi. Nota ya juu ilikuja kwa wakati wake, ikapita.

"Mkono wa kushoto bado mzito," mkuu wa jopo alisema akiandika. "Urekebishe kabla ya tamasha."

Ilimchukua Jagoda muda kuelewa alichoambiwa. Alipoelewa kwamba ataingia kwenye tamasha, alivaa glavu, akatoka mbio ukumbini na nusura amgonge Mwalimu Kordula, aliyekuwa akisikiliza mlangoni.

"Umepiga vibaya kuliko marehemu," Mwalimu alisema, "lakini umepiga wewe. Kazi yako mwenyewe, hata ikiwa na makosa, inaweza kusahihishwa, na kwa kusahihishwa utajifunza. Ukileta ya mtu mwingine na kuiita yako, hata sifa utakazopewa zitakuwa zake."

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Vizuri. Vua glavu. Tuanze na mkono wa kushoto."