Kitabu cha Marehemu Mwalimu Mbaruku

Nilitoka shuleni jua likizama, miguu mizito, nikapitia Kwamndolwa nyumbani kwa marehemu Mwalimu Mbaruku. Mkuu wa shule alikuwa amenitwika somo lake: kufundisha kuandika programu za kompyuta. Mimi Habakuki, mwalimu wa jiografia, ambaye hata kuwasha kompyuta naomba msaada! Kipindi cha kwanza kilikuwa kesho yake, na mkaguzi angekaa nyuma ya darasa. Nikiaibika, ningehamishwa mbali, na Lea, mke wangu, ni mgonjwa wa kulala kitandani.

Nilijua vitu vya marehemu havitoki ndani kabla ya arobaini. Ilikuwa siku ya thelathini na moja. Sikuweza kusubiri.

"Hodi!"

"Karibu..."

Mnong'ono, nyuma ya pazia la chumbani. Nikajua ni mjane, Zuena. Amekaa eda, haonani na wanaume.

"Pole, shemeji. Naomba kuazima kitabu kimoja tu cha kompyuta."

"Chagua."

Kwenye rafu vilikuwa vitatu. Nikashika kinene chenye jalada la kung'aa.

"Hicho cha wanaojua. Kitakukatisha tamaa."

Nikashika cha pili.

"Maelezo mengi, mazoezi hakuna. Chukua chembamba. Soma ukurasa mmoja, andika mwenyewe, ukosee, urudie."

Harufu ya kafuri ilinijia ghafla... kafuri ya kuoshea maiti na vumbi la chaki. Pazia lilikuwa limefungwa kabisa. Ameonaje nilichoshika?

"Umechoka, mwalimu."

"Nimechoka, shemeji." Machozi yalinilengalenga, sioni aibu kusema.

"Basi kesho pumzika. Nikufundishie?"

Nikadhani ni utani. Nikacheka kidogo.

"Haya, nifundishie."

Mlangoni nikakutana na Mashavu, dada wa marehemu, ndoo ya maji kichwani.

"Mwalimu, umeingiaje? Mbona nilifunga?"

"Nimekaribishwa na shemeji Zuena."

Aliitua ndoo taratibu.

"Wifi yuko kwao Handeni tangu juzi. Eda anamalizia huko."

"Nani yumo ndani, basi?"

Alikitazama kitabu.

"Kirudishe, mwalimu. Tafadhali."

Nikamfikiria mkaguzi. Nikamfikiria Lea. Nikakikumbatia, nikaondoka mbio.

Asubuhi niliingia darasani. Nakumbuka nikisema, "Kaeni."

Kisha nakumbuka kengele.

Ubao ulikuwa umejaa. Vidole vyangu vyeupe kwa chaki. Mkaguzi alinipa mkono, akanisifu mbele ya mkuu. Lakini wanafunzi hawakusimama kutoka. Wawili walikuwa wanalia.

"Mwalimu," alinong'ona Maryamu wa dawati la mbele, "hiyo sauti uliyofundishia..."

Alikwepa macho yangu.

Niliogopa, tena sana. Ila mwili ulikuwa mwepesi. Tangu Lea augue sijawahi kupumzika namna ile.

Alhamisi nina vipindi viwili mfululizo. Mashavu amekuja mara mbili kudai kitabu.

Nimemwambia bado nakisoma.