Supu ya Mwani Asubuhi ya Usaili

Bakuli la supu lilikuwa mezani likifuka moshi, na hakuna aliyeipika.

Aram alisimama mlangoni mwa jiko amevaa suti yake ya pekee, ile nyeusi ya kuombea kazi, akaitazama supu ya mwani kama mtu anayemtazama mbwa aliyewahi kumng'ata. Kila mtoto wa Tongyeong, mji huu wa bandari wa Korea, anajua: siku ya mtihani au usaili mwani hauguswi. Mwani huteleza, na ukiunywa utateleza nao. Siku ya kuzaliwa, sawa, kunywa mpaka tumbo lilie. Leo? Huo ni uchawi.

"Mama! Umenipikia nini?"

Mama yake alichungulia, mswaki mdomoni. "Mimi? Nina wazimu nikupikie mwani siku ya intavyuu? Unadhani nafurahi ulivyolala humu na digrii yako kama godoro la wageni?"

Aram akaenda kwenye usaili. Akafeli. Wakamwambia watampigia, na nchi hii vijana wanaosubiri kupigiwa ni wengi kuliko dagaa sokoni, na wanaopigiwa ni wenye wajomba. Usaili uliofuata, bakuli lile lile. Na uliofuata huo, na kila mara mwani ulikuwa mrefu zaidi, mweusi zaidi, mpaka alfajiri moja Aram aliuinua kwa vijiti akaona una mizizi, mizizi midogo myeupe kama ya nywele zilizong'olewa, na harufu iliyopanda haikuwa tena ya mafuta ya ufuta bali ya maji ya bandari yaliyolala, dizeli na kitu kilichovimba, na nyuma yake, kwenye sakafu kavu, zikaja nyayo zilizolowa, chap, chap, taratibu, kama za mtu anayelijua jiko hilo tangu utoto.

Hakugeuka. Alimjua.

Solbi. Walikula chungu kimoja tangu shule ya kati, wa kwanza na wa pili darasani, wakipokezana nafasi kila muhula. Asubuhi ya mtihani wa kuingia chuo kikuu Solbi alimpa themosi getini. "Uji wa mama, shosti. Kunywa, tukawachape." Aram alimeza nusu ndipo ulimi ukagusa utelezi wa mwani uliosagwa, akainua macho, akamwona rafiki yake anatabasamu. Ndani ya chumba cha mtihani kila jibu lilimteleza mpaka kengele ya mwisho, akaishia chuo cha mkoani. Solbi akaenda Seoul. Mwaka wa pili, likizoni, wavuvi walimwopoa bandarini. Aram hakukanyaga msibani. Jioni ile aliagiza kuku wa kukaanga.

"Huyu ni wa maji," alisema Bibi Gok, mganga aliyeitwa na mama, alipounusa mlango wa jiko. "Mwili ulitoka, roho ikabaki. Tukamwopoe, umsamehe, aende zake. Akienda, na mlango wako wa kazi utafunguka."

Gatini, mbele ya Aram na mama yake, Bibi Gok aliufunga mchele ndani ya bakuli kwa kitambaa cheupe, akalishusha majini kwa kamba, akaimba na kupiga kengele. Kamba ikakakamaa. Walipolivuta bakuli na kulifungua, katikati ya mchele ulilala unywele mmoja mrefu, mweusi.

Bibi Gok akatikisika, na kinywani mwake ikatoka sauti ya msichana.

"Aram. Mbona umenenepa?"

"Na wewe umevimba," Aram alijibu.

Sauti ikacheka, kisha ikalia. "Niliogopa. Ungenipita. Nisamehe, niache nilale."

"Nikuache? Si wewe unayekuja jikoni kwetu!"

"Siji, shosti. Unanileta. Kila ukivaa hiyo suti unanitaja, unanilaani, unaniburura kwa nywele mpaka kwenye jiko lenu. Nimechoka."

Mama alimshika Aram bega. Bibi Gok, macho yamegeuka meupe, alimnyooshea kitambaa kirefu chenye mafundo. Mtu akisamehe, mafundo hufunguka kwa kuvutwa tu. La kwanza likafunguka. Yaliyofuata nayo, laini kama nywele zilizopakwa mafuta. Likabaki moja.

"Vuta, mwanangu," mama alinong'ona. "Vuta yaishe."

Aram alilishika. Lilikuwa limekwisha kulegea. Akawaza: akienda huyu, milango yote iliyonifungia usoni itakuwa ya nani? Kesho wakinikataa, nitamlaani nani, mimi?

"Shosti," sauti ikasema, na safari hii ilikuwa na hofu. "Shosti, tafadhali."

Aram akalitia fundo mdomoni, akaliuma, akalikaza kwa meno na mikono miwili mpaka kitambaa kikalia, na chini ya gati maji yakapiga nguzo, yakapiga tena, kama mtu anayegonga mlango kutokea ndani.

"Utakaa," akasema.

Mama yake akauondoa mkono begani mwake, akarudi nyuma, mpaka akasimama upande wa mganga.